Sikio la ndani: je, bado kuna kazi ya mtafiti?

Swali: Nasoma biolojia, niko mwaka wa tatu chuoni. Navutiwa sana na namna mwili unavyojua umesimama, umeinama au unageuka, na nataka kuwa mtafiti wa ubongo katika eneo hilo. Mhadhiri wangu mmoja ameniambia sikio la ndani lilishachunguzwa likaisha, na kwamba nitamalizia ujana wangu kwenye refleksi (mwitikio wa mwili usiosubiri amri yako) iliyojulikana tangu zamani. Nyinyi mnaotafiti usawa wa mwili mnafanya nini hasa mwaka hadi mwaka? Kuna kilichobaki? Na kama kipo, nianzie wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kilichobaki ni kingi. Ila namwelewa mhadhiri wako, maana kinachomfanya aone kazi imekwisha ndicho hicho kilichonifanya mimi nibaki humu tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mwanzo wa njia hii, yaani pale mwendo wa kichwa unapogeuzwa kuwa umeme wa neva, tunaujua vizuri. Mwisho wake, yaani misuli sita inayolizungusha kila jicho, tunaujua vizuri pia. Ni sehemu chache sana za ubongo ambapo mtafiti anajua kwa namba kilichoingia na kilichotoka. Anayechunguza kumbukumbu au huzuni hana bahati hiyo. Sisi tunayo, kwa hiyo tukiuliza ubongo umefanya nini hapo katikati, tunajibiwa kwa vipimo. Watu wakiona mwanzo na mwisho vimejulikana hudhani na katikati pamejulikana. Bado sana.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani kabisa ya mfupa wa kando ya fuvu, kila upande, kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imepangwa karibu kwa pembe mraba ili kila mmoja ushike mzunguko wake. Mrija laini uliomo ndani ya kila mfereji una upana wa kama theluthi moja ya milimita, na umejaa majimaji. Ukigeuza kichwa, mfupa unakwenda nacho lakini majimaji yanachelewa kidogo, na kule kuchelewa kunausukuma utando uitwao kupula, uliotandazwa kwenye mrija kama pazia. Chini ya kupula kuna seli zenye vinywele. Vinywele vikilalia upande mmoja, ishara ya umeme inapanda. Vikilalia upande wa pili, inashuka. Karibu na mifereji kuna vifuko viwili, utrikuli na sakuli, ambavyo vinywele vyake vimebebeshwa chembe ndogo za kalisi kaboneti. Chembe hizo ni nzito, kwa hiyo huvutwa chini, na gari likiondoka ghafla hubaki nyuma. Vifuko hivyo ndivyo vinavyokuambia chini ni wapi.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka: neva zinazotoka humo hazinyamazi, hata ukiwa umetulia tuli. Mwaka 1971 Jay Goldberg na César Fernández walichapisha vipimo vya neva moja moja za mifereji kwa kima wadogo wa Amerika Kusini, wakaona kwamba kichwa kikiwa kimetulia kila neva hupiga, yaani hutoa mpigo wa umeme, kwa wastani wa mara 90 hivi kwa sekunde. Ukikizungusha upande mmoja mipigo inaongezeka, upande wa pili inapungua. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mtu ambaye sikio moja limekufa ghafla kwa maambukizi huona chumba kizima kinazunguka ilhali amelala kitandani. Upande mzima unaendelea kupiga, upande uliokufa umenyamaza, na ubongo unaisoma tofauti hiyo kuwa ni mzunguko. Baada ya siku kadhaa hali huanza kutulia, ingawa neva mara nyingi haijapona. Ubongo ndio uliojirekebisha. Unafanyaje hivyo, na kwa nini kwa wengine haufanyi? Tayari tumefika mahali ambapo kitabu chako cha mwaka wa tatu hakina jibu.

Sasa hiyo refleksi ya zamani. Shika ukurasa au simu mbele yako, uitikise kushoto na kulia upesi upesi. Huwezi kusoma. Sasa iache imetulia, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma bila shida. Macho yako yamekwenda kinyume na kichwa, kwa kasi sawa nacho, bila wewe kuyaamuru. Kuona peke yake kusingeweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu ishara ya kuona inahitaji karibu sehemu ya kumi ya sekunde kabla jicho halijaanza kuifuata. Sikio linafanya hivyo chini ya milisekunde 10, maana njia fupi kuliko zote kutoka mferejini hadi kwenye misuli ya jicho ina nyuroni, yaani seli za neva, tatu tu. Rafael Lorente de Nó aliieleza njia hiyo mwaka 1933.

Thamani yake inaonekana kwa aliyeipoteza. Mwaka 1952 daktari mmoja aliandika katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine habari zake mwenyewe, baada ya dawa ya streptomaisini aliyopewa kuua viungo vyake vya usawa pande zote mbili. Kitandani alishindwa kusoma, kwa kuwa kila moyo ulipopiga kichwa kilitikisika kidogo na herufi zikaruka. Ilimbidi akibane kichwa kati ya vyuma vya kitanda ndipo aweze kufuata mstari. Mimi huwapa wanafunzi wapya andiko hilo kabla ya jambo lolote lingine. Wakishalisoma, hawaiiti tena refleksi hii jambo dogo.

Kuhusu uzamani, ni kweli uwanja huu una umri. Katika miaka ya 1820 Pierre Flourens alikata mifereji ya njiwa na kuona kichwa cha ndege kinayumba katika mwelekeo uleule wa mfereji aliokata. Miaka ya 1870 Ernst Mach, Josef Breuer na Alexander Crum Brown, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba ni majimaji yanayoisukuma hisia. Robert Bárány alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya sikio la ndani, na habari za tuzo zilimkuta akiwa mateka wa vita huko Urusi. Alionesha kwamba ukimwaga maji baridi sikioni, macho huanza kuchezacheza kuelekea upande mmoja, na maji ya moto huyapeleka upande mwingine. Maelezo yake yalikuwa kwamba majimaji ya mfereji yakipata joto hupanda na yakipoa hushuka. Yakakubalika, yakaingia vitabuni, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Mwaka 1983 jaribio hilo lilifanywa angani ndani ya maabara ya Spacelab, ambako hakuna uzito, kwa hiyo majimaji ya moto hayawezi kupanda wala ya baridi kushuka. Macho yakacheza vilevile. Maelezo ya Bárány hayakufutwa, yana sehemu kubwa ya ukweli, lakini ilibidi tukubali kwamba joto linafanya na jambo jingine humo ndani. Kipimo kilichotumika hospitalini zaidi ya miaka sabini kilikuwa hakijaeleweka chote.

Ukiniuliza ni ugunduzi gani wa siku za karibuni ninaousimulia kwa furaha kuliko yote, ni huu. Neva za sikio zinatoa taarifa ileile iwe umegeuza kichwa mwenyewe au umegeuzwa na mtu. Hilo limepimwa. Lakini Kathleen Cullen na wenzake waliposikiliza nyuroni za kituo cha kwanza ndani ya shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, walikuta mambo tofauti. Kima akizungushwa na kiti, nyuroni nyingi humo hupiga kwa nguvu. Kima akigeuza kichwa kwa hiari yake, kwa kasi ileile, nyuroni hizohizo karibu zinanyamaza. Yaani mara tu habari inapoingia mlangoni, ubongo umeshaondoa ile sehemu uliyoitarajia na kubakiza ile ambayo haukuitarajia.

Fikiria ugumu wake. Ili uondoe ulichotarajia, lazima uwe umetabiri barabara shingo itakwenda vipi, na utabiri ufike kabla au sambamba na taarifa ya sikio. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2015, watafiti hao waliongeza ukinzani ili kichwa cha kima kiwe kigumu kugeuka kuliko ilivyo kawaida. Mwanzoni nyuroni walizozipima za serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, ziliitika kana kwamba kima anageuzwa na mtu, kwa sababu mwendo haukulingana na matarajio. Kima alipoendelea kugeuka, mwitikio ukapungua, ukapungua, mpaka ukabaki mdogo kama zamani. Serebela ilikuwa imejifunza kichwa kipya. Ukinzani ulipoondolewa, mwitikio ukarudi juu. Kwa maneno mengine, unaweza kuutazama ubongo ukirekebisha matarajio yake mgeuko kwa mgeuko. Sijui sehemu nyingine nyingi za ubongo ambapo jambo zito namna hiyo linaonekana wazi kiasi hicho, na limeonekana kupitia kiungo ambacho mhadhiri wako anasema kimekwisha.

Uliuliza tunafanya nini mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ni vifaa na kusubiri. Kiti kinachozunguka lazima kizunguke kwa kasi uliyoiamuru, si karibu yake, kwa hiyo kinapimwa na kupimwa tena. Jicho linafuatiliwa kwa kamera zinazopiga mamia ya picha kwa sekunde, au kwa njia aliyoibuni David Robinson mwaka 1963, ya kuweka koili ndogo ya waya kwenye jicho na kumkalisha mhusika katikati ya uga wa sumaku. Kwenye maabara zinazorekodi nyuroni, elektrodi nyembamba, yaani sindano ya kunasa umeme wa neva, inateremshwa taratibu sana huku mipigo ikisikika kwenye spika. Saa nzima unaweza kusikia mkwaruzo tu. Kisha unapata nyuroni moja, unazungusha kiti, na sauti inapanda na kushuka pamoja na kiti. Baada ya hapo ni miezi ya kuandika programu, kuchambua, kuchora, na kujibu wahakiki wa jarida.

Robinson alikuwa mhandisi, na nataka ukae na jambo hilo. Wakati wengine walikuwa wanachora njia za neva, yeye aliuliza swali la kihesabu. Neva ya mfereji inabeba habari ya kasi ya kichwa. Lakini ili jicho libaki mahali pake jipya baada ya kichwa kusimama, misuli inahitaji habari ya mahali, si ya kasi. Kwa hiyo lazima pawepo mahali ubongoni panapojumlisha kasi hiyo hadi ipatikane nafasi. Alilisema hilo kabla seli zenyewe hazijajulikana, na baadaye zikaonekana kwenye shina la ubongo. Sehemu hiyo ikiharibika, mgonjwa anaweza kupeleka macho pembeni lakini hawezi kuyashikilia huko. Yanateleza kurudi katikati. Mwanafunzi wa biolojia aliyeikimbia hesabu anaweza kuyaona macho hayo kila siku na asijue anachokiona.

Kuna suala la wanyama, na usiingie bila kulifikiria. Sehemu ya maarifa niliyoyataja imetoka kwa njiwa, vyura, samaki na kima. Kazi hiyo husimamiwa na kamati za maadili, na inavyotakiwa, kila mnyama lazima awe na sababu inayoweza kutetewa mbele ya mtu asiye wa fani. Kama moyo wako haukubali, kuna njia nyingine pana: vipimo kwa watu walio hai, mifano ya kompyuta, viluwiluwi vya samaki ambavyo miili yao inapitisha mwanga, na kliniki. Hakuna anayepaswa kukusukuma.

Nimetaja kliniki, na hapa ndipo ninapokusihi usijifungie maabara. Kisababishi kinachojulikana sana cha kizunguzungu kinachokuja mtu anapogeuka kitandani ni zile chembe za kalisi kaboneti kuchomoka kwenye utrikuli na kuingia mferejini, ambako hazina kazi. Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza mwaka 1952 namna ya kumlaza mgonjwa ili tatizo lijioneshe machoni. Miaka mingi baadaye John Epley akabuni mpangilio wa kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zitoke zilikoingilia. Wenzake wengi hawakumwamini. Makala yake inayotajwa sana ilitoka mwaka 1992. Leo ni tiba ya dakika chache, bila dawa wala kisu, na inatokana moja kwa moja na kujua mifereji imeelekea wapi ndani ya fuvu.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mwaka 1988 Michael Halmagyi na Ian Curthoys walieleza kipimo kisichohitaji chombo. Mgonjwa anaitazama pua ya daktari, daktari anakigeuza kichwa chake ghafla kwa pembe ndogo. Mfereji ukiwa mzima, macho yanabaki puani. Ukiwa umekufa, macho yanakwenda na kichwa, halafu yanaruka kurudi. Sasa chukua mtu aliyeingia hospitali na kizunguzungu kisichokatika, macho yanacheza, anatapika. Ni sikio au ni kiharusi? Macho yakiruka kurudi, mara nyingi ni sikio. Yakibaki yametulia kana kwamba hana tatizo lolote, hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu refleksi ni nzima na huenda kosa liko ubongoni. Mwaka 2009 Jorge Kattah na wenzake walionesha kwamba kipimo hicho, kikijumlishwa na kutazama mchezo wa macho na mlingano wa macho mawili, mikononi mwa waliofunzwa kinaweza kukamata kiharusi ambacho picha ya MRI ya saa za mwanzo imekikosa. Hiyo ni refleksi ya nyuroni tatu, ya mwaka 1933, ikiokoa watu.

Mengine nitayapitia haraka. Vipandikizi vya usawa vinavyochochea neva za mifereji kwa umeme vimeanza kujaribiwa kwa watu. Ripoti ya mwaka 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilihusu wagonjwa 8. Ndege huotesha upya seli za vinywele zilizokufa, sisi kwa kiasi kidogo mno, na maabara nyingi zinatafuta kwa nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wazee, na mchango wa sikio linalozeeka katika hilo bado haujapimwa inavyostahili. Hata kichefuchefu cha safari hatujakieleza mpaka mwisho. Tunachojua ni kwamba sikio lazima liwepo: mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani na NASA waliwachunguza wanaume 11 viziwi wa Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, wengi wao wakiwa wamepoteza viungo vya usawa kwa homa ya uti wa mgongo. Walipopelekwa kwenye bahari iliyochafuka, watafiti ndio waliougua, wao wakaendelea kucheza karata.

Kuhusu ajira nitakuwa mkweli. Shahada ya uzamivu itakuchukua miaka kadhaa, na baada yake miaka mingine ya utafiti kwa mikataba mifupi kabla hujapata nafasi yako. Fedha za utafiti huombwa mara nyingi kuliko zinavyopatikana. Utaona matangazo machache mno yanayotaja usawa wa mwili; utaajiriwa kama mwanafiziolojia, mhandisi wa tiba, au mtafiti ndani ya idara ya masikio, pua na koo. Uzuri wa uwanja mdogo ni kwamba tunajuana. Mwanafunzi akimwandikia mtu ambaye kazi yake ameisoma kweli, mara nyingi hujibiwa.

Nianzie wapi, umeuliza. Hesabu kwanza: kalkulasi, na hesabu za mifumo inayobadilika kadiri muda unavyopita. Programu ya kompyuta, lugha yoyote mradi uweze kuchambua data mwenyewe. Omba ruhusa ukae kimya kwenye kliniki ya kizunguzungu uone macho ya wagonjwa. Kisha tafuta maabara au kliniki iliyo tayari kukupa data za zamani, zisizo na majina, za kipimo cha kugeuza kichwa. Gawanya kasi ya jicho kwa kasi ya kichwa. Kwa mtu mwenye afya utapata karibu na 1, na upande uliokufa utapata namba ndogo zaidi.

Ukishajua kufanya hivyo, weka namba hizo karibu na majibu ya wagonjwa kuhusu maisha yao. Utakuta wawili wenye namba ileile ndogo upande uleule. Mmoja amerudi kazini na anaendesha baiskeli, mwingine miaka miwili baadaye anaogopa kuvuka barabara. Sikio halielezi tofauti hiyo, na mimi nikipata mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kuifuatilia kwenye serebela na kwenye shina la ubongo, nitampokea.